Sultani Hasan wa Kilwa na Hadithi ya Mji wa Dhahabu

Hapa kwetu pwani, palipo na gofu hapakosi hadithi ya mali iliyofukiwa. Lakini iko moja iliyozishinda zote, nayo ni ile ya mji wa dhahabu uliopotea huko kusini, ambao Wazungu waliuita Ofiri, wakisema ndiko Nabii Suleiman alikopata dhahabu yake. John Milton, mshairi wa Uingereza, katika utenzi wake mkubwa uliotoka mwaka 1667, aliitaja Mombasa pamoja na Kilwa na Malindi, kisha akaitaja Sofala, ambayo watu waliidhania kuwa ndiyo Ofiri yenyewe. Leo tumkumbuke mtu ambaye dhahabu hiyo ilipita mikononi mwake hasa: Sultani al-Hasan bin Suleiman wa Kilwa, aliyejulikana kwa lakabu ya Abu al-Mawahib, yaani Baba wa Hiba.

Sultani huyu alikuwa wa ukoo wa Mahdali, masharifu wenye asili ya Yemen, walioshika utawala wa Kilwa mwishoni mwa karne ya 13. Babu yake, al-Hasan bin Talut, ndiye aliyekuwa wa kwanza wao kukikalia kiti. Mjukuu huyu, angali kijana, alisafiri kwenda kuhiji, akakaa Aden miaka miwili akitafuta elimu. Nyuma yake nduguye Daud alimshikia nchi, na aliporejea akamwachia kiti chake bila ugomvi, jambo lisilo la kawaida katika tarehe za wafalme.

Utajiri wa Kilwa ulitokana na pepo za bahari. Dhahabu ilichimbwa katika nyanda za juu, nchi ambayo leo ni Zimbabwe, ikateremshwa hadi bandari ya Sofala kubadilishwa kwa nguo na shanga. Vyombo vya Arabuni na Bara Hindi vilivyokuja na kaskazi havikuwahi kufika Sofala na kurudi kwao kwa msimu mmoja. Kwa hiyo Kilwa, iliyokuwa kati ya njia, ndiyo iliyoshika ufunguo wa biashara.

Kwa mali hiyo Sultani Hasan aliupanua Msikiti Mkuu, na juu ya jabali linalotazama bahari akajenga Husuni Kubwa, jumba la vyumba zaidi ya mia moja na birika la pembe nane. Alipiga sarafu za shaba zenye jina lake, na hata za dhahabu, ambazo zilizopatikana mpaka sasa ni chache mno. Jumba lenyewe halikumalizika, wala halikukaliwa muda mrefu.

Mwaka 1331 alifika pwani hii msafiri mashuhuri wa Morocco, Ibn Batuta. Alilala Mombasa usiku mmoja. Aliwasifu watu wake kwa dini na uaminifu, akaitaja misikiti yao ya mbao na visima vilivyokuwa milangoni pa kutawadhia. Akaandika pia kwamba kisiwa hakikulima nafaka. Chakula kililetwa kutoka bara. Basi ndugu wa Likoni, Kisauni na Changamwe wafahamu hili: hata katika siku za dhahabu ya Sofala, Mombasa ilishiba kwa jasho la ng'ambo.

Huko Kilwa mfanyabiashara mmoja alimwambia Ibn Batuta kwamba dhahabu ya unga ilitoka mahali paitwapo Yufi, mwendo wa mwezi mzima kutoka Sofala. Yeye mwenyewe hakufika huko, aliandika aliyoyasikia. Ndivyo mji wa dhahabu unavyozaliwa, kwa maneno ya mtu aliyesikia kwa mwingine.

Lakini yapo aliyoyaona kwa macho yake. Siku ya Ijumaa, Sultani akitoka msikitini, fakiri mmoja wa Yemen alimwomba nguo alizovaa, naye akazitaka pale pale. Sultani alirudi ndani, akavua, akavaa nyingine, akampa. Baadaye mwanawe alizikomboa nguo zile kwa watumwa kumi, na baba akamwongezea fakiri watumwa wengine kumi na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Hapa tusifumbe macho. Katika ukarimu huo walikuwamo wanadamu waliotolewa kama mali, na sehemu ya utajiri ule ilikuwa ngawira ya vita dhidi ya watu wa bara.

Sultani Hasan alipofariki, Daud alishika nchi. Waombaji walipomjia aliwajibu kwamba mtoaji amekufa na hakuacha cha kutoa. Dhahabu ya Sofala haikuwa imekoma. Kilichoondoka ni mkono wa kutoa. Kutoa ni moyo, si utajiri.

Walakini hadithi ya Ofiri iliendelea kuwatia watu tamaa. Mwaka 1505 Wareno waliiteka Kilwa mwezi Julai, wakaichoma Mombasa mwezi Agosti, na mwaka huo huo wakajenga ngome Sofala. Mwaka 1569 Francisco Barreto alitoka Lisbon na jeshi kuyatafuta machimbo, naye akafia Sena mwaka 1573 bila kuyapata. Baadaye Carl Mauch alipoyafikia maghofu ya Zimbabwe Kuu mwaka 1871 alidai ni kazi ya malkia wa Sheba. Wachimbuzi waliomfuata walithibitisha kwamba ni mji uliojengwa na Waafrika wenyewe.

Na humo humo Zimbabwe Kuu ilipatikana sarafu moja ndogo. Haikuwa ya dhahabu, bali ya shaba, nayo ina jina la al-Hasan bin Suleiman. Hiyo ndiyo iliyobaki kutuonyesha njia ya kweli. Mji uliokuwa ukitafutwa haukuwa umepotea. Ulikuwa ni miji mingi, ya wachimbaji, wachukuzi, manahodha na wakulima wa ng'ambo, na kila mmoja alikuwa na sehemu yake katika dhahabu ile. Mola amrehemu Baba wa Hiba, na awarehemu wale ambao majina yao hayakupigwa juu ya sarafu.