MZEE WA SABUNI: MAISHA YA CHEVREUL (1786–1889)



Kama u mwanafunzi wa sekondari pale Msambweni au Diani, bila shaka umeshakutana na lile swali la kemia: umepewa gramu kadhaa za mafuta, utafute gramu za kostiki soda zitakazoyageuza yote yawe sabuni. Wengi huliruka. Lakini mama anayepika sabuni ya mafuta ya nazi ili auze hana nafasi ya kuliruka. Soda ikizidi, sabuni inachubua mikono ya wateja. Ikipungua, mafuta yanabaki mabichi ndani na sabuni yachacha upesi. Aliyetufungulia mlango wa hesabu hiyo ni Mfaransa mmoja aliyeishi miaka 102, na ndiye nitakayekusimulia leo.

Sabuni yenyewe si kitu cha juzi. Watu wa Nablus na Halab waliipika kwa mafuta ya zeituni na majivu ya mimea karne nyingi kabla yake. Neno sabuni tumelipata kwa Waarabu, na hata hilo neno alkali la vitabuni asili yake ni al-qali, yaani yale majivu. Ila wapishi wale walikwenda kwa jicho na mazoea. Ndani ya sufuria kunapita nini, hakuna aliyejua.

Michel Eugène Chevreul alizaliwa mji wa Angers tarehe 31 Agosti 1786, mtoto wa daktari. Utoto wake ulikuwa wa mapinduzi na watu kukatwa vichwa. Mwaka 1794, yeye akiwa na miaka 7, huko Paris aliuawa Lavoisier, yule aliyewafundisha wanakemia kupima uzito kabla ya kazi na baada ya kazi. Mwaka 1803 kijana wetu akaenda Paris kusoma kwa mwanakemia Vauquelin.

Mwaka 1811 akaanza kuchunguza sabuni. Hapa nikuambie mapema usije ukashtuka: sabuni hiyo ilikuwa ya mafuta ya nguruwe. Akaitia asidi, akapata kitu kigumu chenye kung'aa, na hicho kitu chenyewe kikawa ni asidi. Ajabu! Siku hizo iliaminiwa kwamba mafuta na alkali hushikana tu, basi. Chevreul akaona sivyo: mafuta huvunjika. Hutoka asidi za mafuta, ambazo ndizo zinazoshikana na alkali kuwa sabuni, na hutoka pia gliserini, ile ile mnayopaka kwenye midomo iliyokauka. Akapima mafuta ya kondoo, ya ng'ombe, ya bata bukini, ya chui wa Amerika, hata ya binadamu. Kitabu chake kikatoka mwaka 1823.

Sasa tulia hapa, maana ndipo penye utamu. Alipopima zile asidi na gliserini kwa pamoja, uzito ukazidi ule wa mafuta aliyoanza nayo. Mtu mwingine angesema mizani mbovu. Yeye akasema maji yameingia. Hebu tuhakikishe kwa hesabu ya leo. Chukua mafuta magumu aina ya stearini, gramu 890, yaani moli moja. Yakivunjika hutoa asidi gramu 852 na gliserini gramu 92. Jumla 944. Zimezidi gramu 54, na hizo ni moli tatu za maji, 18 mara tatu. Umeona? Bila kujua molekuli inavyokaa, mizani yake ilishamwambia.

Kutokana na hapo ndipo hesabu ya soda inapatikana. Kila molekuli ya mafuta inataka molekuli tatu za kostiki soda, na moli tatu za soda ni gramu 120. Kwa hiyo stearini gramu 890 inataka soda 120, na kilo moja inataka kama gramu 135. Lakini mafuta ya nazi molekuli zake ni fupi na nyepesi. Katika kilo moja zinaingia nyingi zaidi, basi soda nayo lazima iongezeke: kama gramu 183. Mafuta ya ng'ombe ni kama 140 tu. Kwa hivyo mama akiishiwa na nazi akatia mafuta ya ng'ombe kwa kipimo kile kile cha 183, zinabaki gramu 40 na zaidi za soda hazina wa kushikana naye, na hizo ndizo zinazokula ngozi. Wapishi wengi huweka soda pungufu kidogo, kama asilimia 5, kwa usalama, na mimi naona wana akili. Na soda ndiyo itiwe kwenye maji, si maji kwenye soda, maana huchemka na kuruka.

Turudi kwa mzee. Mwaka 1815 alionyesha kwamba sukari iliyo katika mkojo wa mgonjwa wa kisukari ni ile ile ya zabibu. Mwaka 1825 yeye na Gay-Lussac waliandikisha haki ya kutengeneza mishumaa ya asidi za mafuta, isiyo na moshi wala harufu, ila waliofaidi biashara ni wengine. Kisha wale wa pete inayoning'inizwa kwa uzi ati ijibu mambo (hata kwetu Kwale hawakosekani wa namna hiyo) aliwachunguza pia. Akajijaribu mwenyewe, akaona pete yacheza. Akafungwa macho, asijue kilicho chini yake, na pete ikaacha kumtii. Akaeleza mwaka 1833 kwamba mkono wa mtu ndio unaoisukuma bila mwenyewe kujijua.

Mwaka 1870 na 1871 Paris ilipozingirwa na Waprusia, yeye na miaka yake 84 hakuhama. Mnara wa Eiffel ulipojengwa, jina lake liliandikwa juu yake pamoja na wataalamu wengine 71, naye angali hai. Ulifunguliwa tarehe 31 Machi 1889. Chevreul akafariki tarehe 9 Aprili, siku tisa baadaye.