Ian Fleming: Jamaa aliyekwama kila mahali, kisha akamzaa James Bond

Ingia duka la muvi pale Makutano, Meru, au mtaani Dallas kule Embu, uulize James Bond ya zamani. Jamaa wa duka hatakuuliza wewe ni wa miaka mingapi. Atakuwekea Goldfinger kwa flashi, pengine na From Russia with Love juu yake, na utaenda nyumbani ukaangalie muvi iliyotengenezwa kabla mamako azaliwe. Na utaimaliza. Hapo ndipo swali linakuja: hii kitu ya 1964 inatushika vipi hadi leo?

Jibu liko kwa maisha ya mtu mmoja, Ian Fleming. Na usidhani alikuwa mtu wa kufaulu tangu mwanzo. Hapana.

Fleming alizaliwa London Mei 28, 1908, kwa familia ya pesa. Babu yake alikuwa mwenye benki, baba yake Valentine alikuwa mbunge. Mwaka wa 1917 baba aliuawa vitani Ufaransa, Ian akiwa hajafikisha hata miaka tisa. Mama akabaki na wavulana wanne. Kifungua mimba, Peter, ndiye aliyekuwa nyota wa nyumba: masomo sawa, baadaye vitabu vya safari vilivyosomwa sana. Ian alikuwa yule wa pili anayelinganishwa kila siku. Kama una kaka aliyepata A, unajua hayo maisha.

Alipelekwa Eton, shule ya wakubwa, akatoka mapema. Akapelekwa chuo cha kijeshi cha Sandhurst, akaacha mwaka wa 1927 bila kuwa afisa. Akajaribu kuingia wizara ya mambo ya nje, nafasi hakupata. Akapata kazi katika shirika la habari la Reuters, na huko alifanya vizuri: mwaka wa 1933 alitumwa Moscow kuripoti kesi ya wahandisi Waingereza walioshtakiwa kwa ujasusi. Lakini mshahara ulikuwa mdogo, akahamia biashara ya benki na hisa. Hakung'aa.

Vita vilipoanza mwaka wa 1939, Fleming aliingia idara ya ujasusi ya jeshi la majini la Uingereza, akawa msaidizi wa mkuu wake, John Godfrey. Hapo ndipo kichwa chake kilipata kazi. Kuna waraka wa mwaka huo ulitoka kwa jina la Godfrey, na wengi wanaamini aliyeuandika ni Fleming. Ulikuwa umejaa mbinu za kumdanganya adui. Mojawapo ilikuwa kuchukua maiti, kuivalisha vizuri, kuiwekea barua za uongo na kuiacha ipatikane. Mwaka wa 1943 Waingereza walifanya mchezo huo kweli katika pwani ya Uhispania, na Wajerumani wakaamini.

Lakini yeye mwenyewe vita alivipigania zaidi akiwa ofisini. Alipanga, akaandika, akasimamia kikosi cha makomando waliotumwa kunyakua siri za adui. Wenzake walienda, yeye akabaki na faili. Ukitaka kumwelewa James Bond, anzia hapo. Bond ni mtu ambaye Fleming alikaa mezani akiwaza angekuwa yeye.

Baada ya vita alijenga nyumba Oracabessa, Jamaica, akaiita Goldeneye. Alikuwa ameajiriwa na kampuni ya magazeti London, na katika mapatano yao alihakikisha anapewa likizo ndefu kila mwaka wakati wa baridi. Mapema mwaka wa 1952, akiwa na miaka 43 na karibu kumwoa Ann Charteris, aliketi mbele ya taipureta akaanza Casino Royale. Jina la shujaa alilitoa kwenye kitabu cha ndege. Mwandishi wake, Mmarekani mtaalamu wa ndege, aliitwa James Bond. Alilitaka kwa sababu lilikuwa jina la kawaida, lisilo na mbwembwe. Kitabu kilitoka Aprili 1953. Tangu hapo, kila mwaka alirudi Jamaica, akaandika asubuhi, akaogelea, akarudi London na kitabu kingine.

Sasa shika huo mwaka wa 1952, kwa sababu huku kwetu una maana nyingine kabisa.

Oktoba 20, 1952, Gavana Evelyn Baring alitangaza hali ya hatari Kenya. Waliolengwa zaidi walikuwa Wakikuyu, Waembu na Wameru. Aprili 1954 jeshi lilizingira Nairobi na kuwapanga watu wetu foleni. Mbele ya foleni alikaa mtu aliyefunikwa gunia mwili mzima, matundu mawili tu ya macho. Akitikisa kichwa, umeenda kizuizini. Wazee wanamwita gakunia. Huyo ndiye jasusi ambaye shosho zetu walimjua. Hakuwa na suti wala gari. Alikuwa jirani yako, na ulikufa bila kujua ni nani.

Kulikuwa pia na Ian mwingine, Ian Henderson, polisi wa kizungu aliyelelewa huku na kuongea Kikuyu kama mwenyeji. Yeye alitumia wapiganaji waliotekwa na kugeuzwa, wakarudi msituni wakijifanya bado ni Mau Mau ili kuwasaka wenzao. Dedan Kimathi alikamatwa Oktoba 1956 katika msako huo. Kwa hivyo Ian mmoja alikuwa akiandika jasusi wa Malkia akiangalia bahari, na Ian mwingine alikuwa akifanya kazi hiyo hiyo Mlima Kenya, na waliolipa ni watu wetu.

Muvi zilianza mwaka wa 1962 na Dr. No. Fleming hakumpenda sana Sean Connery mwanzoni, alimwona si mtu wa tabaka la Bond. Baadaye alikubali, hata kwenye kitabu cha 1964 akampa Bond baba Mskoti, kama Connery. From Russia with Love ilionyeshwa London Oktoba 1963. Miezi miwili baadaye Kenya ilipata uhuru, na Musa Mwariama wa Meru akatoka msituni bila kukamatwa, akapokewa na Kenyatta. Majasusi wa Malkia hawakumpata.

Goldfinger ndiyo iliyoweka kanuni. Kisa kifupi cha vurugu kabla ya majina, wimbo mkali wa Shirley Bassey, gari la Aston Martin lenye kiti kinachomrusha abiria, mtumishi anayeua kwa kofia. Adui anataka kuharibu dhahabu ya Marekani kwa bomu la nyuklia ili yake ipande bei. Hata mtoto anaelewa huo mpango. Jina Goldfinger lenyewe Fleming alilichukua kwa msanifu majengo wa London, ambaye alikasirika hadi akatishia kwenda kortini. Na muziki? Ni wa John Barry, huyo huyo aliyetunga wa Born Free, hadithi ya simba Elsa aliyezikwa katika Mbuga ya Meru. Masikio yako yanamjua zaidi ya unavyodhani.

Fleming hakuiona Goldfinger ikizinduliwa. Alikuwa mvutaji sigara wa kupindukia, na moyo ulishamwonya mwaka wa 1961. Alifariki Agosti 12, 1964, akiwa na miaka 56. Muvi ilitoka mwezi uliofuata. Mwaka huo huo, Henderson alifukuzwa Kenya.

Mimi bado napenda Goldfinger, na sioni haya. Inashika kwa sababu inatoa woga kwenye ujasusi na kutuachia raha. Lakini raha hiyo iliandikwa na upande mmoja tu. Fleming alikaa chini kila asubuhi akaandika ya kwao, hadi sisi wa Chuka na Runyenjes tunayajua kwa moyo.

Aliyekuwa mtoto wa miaka kumi wakati wa gakunia amepita themanini sasa. Si wengi waliobaki, lakini wako, pengine hata kwenu. Muvi itakungoja kwa flashi. Yeye hatakungoja.