Dk. Dicke, tabibu aliyemsikiliza mama kuhusu mkate

Mwaka 2012 tulirejea Burundi kutoka makambini mkoani Kigoma, nilikosomea mimi mwenyewe. Mama watoto akaanza kukaanga maandazi na kuyauza mpakani Mugina. Nyumbani hatukukosa ngano. Lakini binti yetu aliyezaliwa baada ya kurejea alihara miezi nenda rudi, tumbo likavimba, mikono ikabaki mifupa. Alipewa dawa za minyoo mara nne. Majirani wakanong'ona habari za uchawi.

Mama yake aliniambia kwamba siku unga wa ngano unapokwisha, mtoto huwa na nafuu. Mimi niliyejiona msomi nilimpuuza. Ulipita mwaka mzima kabla ya hospitali moja kubwa, mbali na kwetu, kumpima damu na kugundua ugonjwa wa siliaki, yaani mwili kuikataa ngano. Hapo ndipo nilipotaka kumjua mtu aliyeligundua jambo hili, na maisha yake yakaniaibisha.

Willem Karel Dicke alizaliwa mwaka 1905 mjini Dordrecht, Uholanzi. Alisomea udaktari Leiden, kisha akabobea katika magonjwa ya watoto kwenye Hospitali ya Watoto ya Juliana mjini The Hague. Mwaka 1936, akiwa na miaka 31 tu, akawa mkuu wa hospitali hiyo.

Ugonjwa wenyewe ulikwisha kujulikana. Mwaka 1888 daktari Mwingereza, Samuel Gee, alieleza dalili zake vizuri na akaona kwamba tiba lazima iwe katika chakula. Chakula kipi, hakuna aliyejua. Huko Marekani, kuanzia mwaka 1924, Dk. Sidney Haas aliwalisha wagonjwa ndizi, nao wakapata nafuu. Wengi wakadhani ndizi ndiyo dawa.

Inasimuliwa kwamba katika miaka ya 1930 mama mmoja kijana alimweleza Dicke kuwa mwanawe hupata nafuu anapoacha mkate. Dicke hakumcheka. Alianza kuwajaribia wagonjwa wake chakula kisicho na ngano, akiandika hali ya kila mtoto, na mwaka 1941 akachapisha maelezo yake kwa Kidachi.

Kisha ikaja njaa. Majira ya baridi ya 1944 hadi 1945, Uholanzi ikiwa chini ya Wajerumani, chakula kiliadimika na watu wapatao 20,000 wakafa. Watu walikula hata vitunguu vya maua ya tulipu. Sisi tuliowahi kungoja mgao tunaielewa njaa ya namna hiyo. Katika shida hiyo wagonjwa wa siliaki walionekana kuwa afadhali kuliko mwanzo, na mkate uliporudi wakaugua tena. Jambo alilolishuku Dicke kabla ya vita likazidi kupata nguvu.

Baada ya vita alishirikiana na wenzake Weijers na van de Kamer. Van de Kamer alibuni njia ya kupima mafuta yanayopotea katika choo cha mgonjwa, hivyo madhara ya ngano yakaonekana kwa tarakimu. Mwaka 1950 Dicke aliwasilisha tasnifu yake Chuo Kikuu cha Utrecht. Mwaka 1952 watafiti wa Birmingham, Uingereza, walithibitisha kwamba kinachodhuru ni gluteni, ile protini inayoufanya unga uliokandwa uvutike. Dicke akawa profesa Utrecht mwaka 1957, na akafariki mwaka 1962 akiwa na miaka 57.

Leo tunajua kwamba kwa mwenye ugonjwa huu, gluteni huufanya mwili uushambulie utumbo mwembamba wenyewe, na chakula kikapita bila kufyonzwa. Hauambukizi. Dalili ni kuhara kusikokoma, tumbo kujaa gesi, choo chenye mafuta na harufu kali, kupungua uzito, mtoto kudumaa. Mtu mzima pengine huona uchovu na upungufu wa damu tu. Si kila anayehara ana siliaki, kwa hiyo nenda ukapimwe. Usiache ngano kabla ya kupimwa, maana kipimo kinaweza kukosa kuuona ugonjwa.

Tiba yake ni kuacha ngano, shayiri na rai maisha yote: mkate, maandazi, chapati, sambusa, tambi, biskuti, pamoja na bia ya shayiri. Ugali wa mahindi au muhogo, wali, ndizi, viazi, mtama, ulezi, maharage na samaki havina tatizo. Ila ndugu zangu mnaouza na kununua mpakani, angalieni unga wa uji uliochanganywa, mashine iliyotoka kusaga ngano, na samaki aliyekaangwa katika mafuta ya maandazi. Hata kidogo hicho hudhuru.

Binti yetu sasa anasoma na amenenepa. Mama yake bado anauza maandazi, lakini chungu cha mtoto ni chake peke yake. Ndugu msomaji, mkeo akikuambia ameona kitu katika chakula cha mtoto, msikilize siku hiyo hiyo.