Prof. Job Bwayo: Mkenya aliyeisaka chanjo ya ukimwi

Huku Kalinzi tangu niko mdogo nasikia watu wakisema ukimwi uliletwa na madereva wa malori. Kila mtu anasema, hakuna anayepima. Kuna Mkenya mmoja alikwenda kupima kweli, Profesa Job Bwayo, na vijana wenzangu wengi hawamjui.

Bwayo alikuwa mtaalamu wa vimelea vya magonjwa na kinga ya mwili katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 80, yeye na wenzake walifanya kazi na madereva pale Athi River, nje kidogo ya Nairobi kwenye barabara ya Mombasa. Malori ya Uganda, Rwanda na Kongo yote yanapita hapo. Madereva na utingo wao walitibiwa magonjwa ya zinaa, wakashauriwa, wakapimwa damu. Katika watu karibu 1,000, kama robo walikuwa na virusi. Robo nzima jamani! Wakagundua pia kwamba wasiotahiriwa ndio waliokutwa navyo zaidi. Desemba 2006 majaribio makubwa ya Kisumu na Rakai, Uganda, yakaonyesha kwamba tohara inampunguzia mwanaume hatari ya kuambukizwa kwa karibu nusu. Bwayo aliiona siku hiyo, ila hakukaa sana baada yake.

Lakini kazi iliyomtoa ni chanjo. Pale Majengo, Nairobi, tangu mwaka 1985 watafiti wa Kenya na Kanada walikuwa wakiwahudumia akina mama wanaouza miili. Ajabu ni kwamba wachache kati yao walikaa miaka mingi bila kuambukizwa, na kondomu siku zile ilikuwa ya bahati bahati. Damu yao ilipochunguzwa ikaonekana ina seli askari zinazokitambua kirusi na kuua seli kilimojificha. Bwayo alikuwa kwenye timu hiyo pamoja na watu wa Oxford, Uingereza. Wakajiuliza, kama mwili wa mama wa Majengo unaweza, kwa nini sindano isiufundishe na mwili wa mtu mwingine?

Wakatengeneza chanjo kwa kutumia vipande vya kirusi cha aina A, ambacho ndicho kilichotamba Kenya. Chanjo nyingi za mwanzo zilikuwa zinalenga aina B ya Ulaya na Marekani. Kwa upande wa Nairobi Bwayo akaanzisha kituo cha KAVI kusimamia kazi hiyo.

Sasa hapo katikati ukazuka mgogoro. Mwaka 2000 Wakenya walikuta Waingereza wameomba hataza ya chanjo na wao hawamo. Damu ya Nairobi, karatasi ya Uingereza! Ikawa kelele magazetini mpaka wakakaa upya, na Wakenya wakatambuliwa kuwa wenye mali pia. Mimi naona walifanya vizuri kutonyamaza, maana ukiwa na mfadhili ni rahisi sana kumeza mate. Ila swali langu dogo liko palepale: wale akina mama wenyewe wangehesabiwa wapi?

Mwaka 2001 watu wa Nairobi waliojitolea wakaanza kuchomwa. Kazi ngumu ilikuwa kuwaeleza watu kwamba sindano ile haiwezi kumpa mtu ukimwi, kwa sababu haina kirusi kizima. Chanjo haikuleta madhara makubwa, lakini mwaka 2004 ikatangazwa kwamba haikuamsha kinga ya kutosha. Ikaachwa. Bwayo na KAVI wakaendelea kupima nyingine.

Tarehe 4 Februari 2007 majambazi wa magari walimpiga risasi na kumuua nje ya Nairobi. Mkewe alijeruhiwa. Mtu aliyetumia miaka karibu ishirini na watu wa barabarani, akafia barabarani.

KAVI haikufa naye. Ilikua ikawa taasisi ya utafiti ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Chanjo yenyewe bado inatafutwa: hata kwetu Tanzania, Mbeya na Dar es Salaam zilikuwemo kwenye jaribio la PrEPVacc, na mwishoni mwa 2023 uchomaji ukasimamishwa baada ya kuonekana kwamba chanjo zile hazitazuia maambukizi.

Wadau wa Nairobi mliomfahamu, ongezeeni hapo chini.