Tom Bradley: Meya Aliyeshindwa, Akasubiri, Akarejea kwa Kura

Tom Bradley alizaliwa tarehe 29 Desemba, 1917 katika mji wa Calvert, jimbo la Texas nchini Marekani. Babu yake alikuwa mtumwa, na wazazi wake walilima ardhi ya wengine kwa kugawana mazao na wenye mashamba. Mwaka 1924 familia ilihamia Los Angeles.

Kipaji cha riadha kilimfikisha Chuo Kikuu cha California mjini humo. Mwaka 1940 aliacha masomo akajiunga na polisi, akatumikia miaka 21 na kupanda hadi cheo cha luteni, ambacho hakuna askari mweusi wa jiji hilo aliyekuwa amekipita. Alisomea sheria nyakati za usiku, na mwaka 1963 alichaguliwa kuwa diwani.

Mwaka 1969 Bradley alijitokeza kumkabili Meya Sam Yorty, aliyekuwa madarakani tangu mwaka 1961. Katika duru ya kwanza alipata takriban asilimia 42 ya kura, Yorty akipata asilimia 26. Kwa kuwa hakuna aliyevuka nusu ya kura, duru ya pili ilipangwa kufanyika mwezi Mei. Yorty aliwatia hofu wapiga kura, akidai kuwa mpinzani wake angelikabidhi jiji kwa wenye siasa kali na kuwavunja moyo polisi. Hofu hiyo ilifanya kazi hata dhidi ya mtu aliyevaa sare ya polisi kwa miongo miwili. Yorty alishinda kwa takriban asilimia 53.

Bradley alirudi kwenye kiti chake cha udiwani. Kwa miaka minne alijenga ushirikiano wa wapiga kura weusi, Wayahudi, Walatino na wazungu wa mrengo wa wastani. Mwaka 1973 wawili hao walikutana tena, na safari hii Bradley alishinda kwa takriban asilimia 56, akawa Mmarekani mweusi wa kwanza kuchaguliwa kuwa meya wa Los Angeles, jiji ambalo weusi walikuwa wachache.

Aliongoza kwa vipindi vitano. Michezo ya Olimpiki ya mwaka 1984 ilifanyika jijini humo na kuacha ziada ya zaidi ya dola milioni 200. Hata hivyo, miaka ya mwisho ilikuwa migumu. Mwaka 1992, baada ya mahakama kutowatia hatiani askari waliompiga Rodney King, zilizuka ghasia zilizoua watu zaidi ya 50. Mwaka huohuo Bradley, ambaye sasa ndiye aliyekuwa meya wa siku nyingi, alitangaza kutogombea tena. Alikabidhi ofisi mwaka 1993 baada ya miaka 20.

Alifariki dunia tarehe 29 Septemba, 1998. Kura zilezile zilizomnyima kiti mwaka 1969 ndizo zilizompa mwaka 1973, na katika nyakati zote mbili aliyaheshimu matokeo.