Padre Joseph Wresinski Kati ya Familia Zisizo na Makazi

Julai 1956, kwa pendekezo la askofu wake, Padre Joseph Wresinski alifika kwenye kambi ya Noisy-le-Grand, karibu na Paris. Alikuta familia zaidi ya 250 zisizo na makazi, zikiishi katika vibanda vya nusu duara, katikati ya tope, maji yakichotwa kwenye mabomba machache. Akahamia humo humo. Umaskini aliujua: alizaliwa Angers mwaka 1917, mtoto wa wahamiaji, na alijifunza kuoka keki kabla ya kuingia seminari.

Jambo la kwanza alilofanya lingetushangaza parokiani: alisimamisha ugawaji wa supu na nguo kuukuu. Watu hawa, aliona, walihitaji heshima kuliko sadaka. Zikaanzishwa maktaba, chekechea, mahali pa kufulia, na kikanisa. Mwaka 1957 aliunda chama pamoja na familia zenyewe, wazidai haki zao kwa sauti zao. Ndicho kilichokuja kuwa ATD Dunia ya Nne. Hatimaye vibanda viliondolewa, zikajengwa nyumba za kweli.

Alifariki 14 Februari 1988, akazikwa Méry-sur-Oise.