Mtoto wa Mwalimu Aliyehesabu Uchovu wa Chuma

Chukua waya, uvute kwa mikono: haukatiki hata ukikesha. Sasa ukunje na kuukunjua palepale mara kadhaa. Umekatika, si ndiyo? Mwenzangu wa chumba, wa uhandisi, ndiye aliyenionyesha, kisha akanitajia August Wöhler.

Huyu bwana alizaliwa 1819 mjini Soltau, Ujerumani, baba yake mwalimu wa shule (sisi wa ualimu tumeshampenda). Alisoma Hannover, na 1847 akapewa kusimamia mabehewa na karakana ya reli huko Frankfurt ya mto Oder, siyo ile kubwa. Enzi zile ekseli za treni zilikuwa zinakatika ghafla tu. Mwaka 1842, karibu na Versailles, Ufaransa, moja ilikatika na watu zaidi ya 50 wakafa.

Wöhler alifunga kifaa kwenye ekseli zikiwa safarini, akapima zinavyopinda. Halafu akaunda mashine za kuzungusha vyuma vikiwa vimebeba mzigo, mamilioni ya mizunguko. Jamani, miaka zaidi ya kumi! Majibu ya mwisho aliyatoa 1870: chuma hukatika kwa mkazo mdogo kuliko ule wa kukivunja mara moja, mradi urudiwe vya kutosha. Kinachokimaliza hasa ni tofauti kati ya mkazo wa juu na wa chini. Ila ekseli ikikaa chini ya kiwango fulani, inadumu. Aliandika majedwali tu. Mchoro wenye jina lake waliuchora wengine.

Sasa twende kwenye bomba la mvuke. Mita 100 za chuma zikipashwa kutoka nyuzi 20 hadi 320 zinarefuka sentimita 36 au zaidi. Ukilibana, litasukuma mpaka ling'oe nguzo zake. Ndiyo maana huwekewa kiungo chenye mikunjo myembamba kama ya kodiani. Mikunjo hiyo, kila mtambo ukiwashwa na kuzimwa, mara nyingi hupindishwa kupita pale ambapo chuma kingejirudi chenyewe. Kile kiwango cha kudumu hapo hakipo tena; mhandisi anahesabu itakunjwa mara ngapi kabla haijapasuka. Na joto lenyewe hulegeza chuma, hivyo huchaguliwa kisichoshika kutu, chenye kromiamu na nikeli, au kwenye joto kali zaidi aloi za nikeli, ambazo bei yake inatisha.

Wöhler alifariki Hannover 1914, akiwa na miaka 94. Mwenzangu bado yupo mezani na zoezi lake: kiungo kimoja, kuwashwa mara 3,000, na kikokotoo kimeisha betri.